Kukatiza Australia peke yako kwa gari: mwongozo wa njia ya Adelaide hadi Darwin

Ukisema unataka kukatiza Australia kwa gari ukiwa peke yako, swali la kwanza utakaloulizwa ni nyoka. La pili ni buibui. Wote wapo, lakini dereva wa njia hii ana mambo matatu ya kuyaogopa kabla yao: tangi kukauka, usingizi, na kangaruu wa saa za magharibi. Yote matatu huzuiliwa kwa hesabu inayofanywa mezani kabla gari halijawashwa.

Njia ninayoizungumzia ni Stuart Highway, inayotoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini, yapata kilomita 2,700. Ukijumlisha kipande cha kutoka Adelaide unapata 3,000 na ushei. Imepewa jina la John McDouall Stuart, aliyeshindwa na kurudi nyuma mara kadhaa kabla ya kufika pwani ya kaskazini Julai 1862. Laini ya telegrafu iliyokamilika 1872 ilifuata karibu mapito yake, kwa kuwa yeye alikuwa amefuata maji, na miji kadhaa utakayolala ilianza kama vituo vya telegrafu. Lami ilikamilika mwanzo hadi mwisho mwaka 1987, kwa hiyo gari dogo la kawaida linatosha. Wapo watakaokuambia bila gari la kuvuta magurudumu yote manne huendi kokote. Hao wanazungumzia njia za vumbi za pembeni, nami ningemshauri anayekwenda peke yake kwa mara ya kwanza aziache hizo.

1. Chagua mwezi

Safiri kati ya Mei na Septemba. Kusini na katikati ya nchi, Desemba hadi Februari joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, na gari likizimika mchana wa saa sita huna ujanja mwingi. Kaskazini, kuanzia maeneo ya mji wa Katherine, Novemba hadi Aprili ni masika: mito hufurika na barabara hufungwa. Hata jangwani mvua ikija huja kwa fujo. Januari 2022 mafuriko yaliikata barabara hii upande wa Glendambo, malori ya bidhaa za kaskazini yakakwama.

Ila usidhani jangwa ni joto tu. Juni na Julai, usiku wa Alice Springs, mji wa katikati ya nchi, na wa Uluru, lile jiwe kubwa la jangwani, hushuka chini ya sifuri. Aliyezoea kulala Mombasa au Tanga kwa shuka moja anunue fuko zito la kulalia akiwa bado Adelaide.

2. Leseni na gari

Wakenya, Watanzania na Waganda mna nafuu: Australia huendesha kushoto kama kwetu. Aliyejifunzia Kongo, Burundi au Rwanda, ambako huendeshwa kulia, ajipe siku mbili tatu za mazoezi mjini. Hatari yake haiko kwenye foleni, ambako magari ya wengine yanamwelekeza. Iko asubuhi anapotoka kituo cha mafuta na kuingia barabara tupu. Mkono utampeleka upande wa mazoea. Leseni ya Kifaransa itahitaji tafsiri au kibali cha kimataifa cha udereva. Ya Kiingereza hukubaliwa kwa mgeni wa muda, lakini kampuni za kukodisha hupenda kuona kibali hicho pia, kwa hiyo kichukue nyumbani. Aliyehamia huko moja kwa moja ana muda maalumu wa kubadilisha leseni, na kila jimbo lina wake.

Ukikodi gari, soma mkataba kwa vituo. Mambo manne utafute: kilomita za bure kwa siku (maeneo ya mbali mara nyingi ni chache, ukizidisha unalipa kwa kila kilomita), ruhusa ya njia za vumbi, marufuku ya kuendesha usiku nje ya miji, na ada ya kuchukua gari mji mmoja na kuliacha mwingine. Ada hiyo ya mwisho huweza kuwa kubwa kuliko kodi yenyewe, basi iulize mwanzo.

Kabla ya kusaini, fungua buti. Tairi la spea liwe la ukubwa kamili na lenye upepo. Yale membamba ya muda hayakufikishi popote huko. Hakikisha jeki na spana ya magurudumu vipo, kisha vijaribu palepale kwenye maegesho, kwa sababu nati zilizokazwa kwa mashine hugoma kufunguka kwa mkono. Kama gari ni lako, mpe fundi aangalie rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, betri na breki. Chukua pia lita kadhaa za maji ya rejeta na oili ya aina ya gari lako.

3. Hesabu ya mafuta

Chukua karatasi uandike vipande hivi. Namba nimezikaribisha kwenye tano au kumi iliyo jirani:

- Adelaide hadi Port Augusta: km 310
- Port Augusta hadi Glendambo: km 290 (katikati kuna Pimba)
- Glendambo hadi Coober Pedy: km 250
- Coober Pedy hadi Marla: km 235
- Marla hadi Erldunda: km 255 (kuna Kulgera)
- Erldunda hadi Alice Springs: km 200
- Alice Springs hadi Tennant Creek: km 510 (kuna vituo kadhaa)
- Tennant Creek hadi Katherine: km 670 (kuna vituo kadhaa)
- Katherine hadi Darwin: km 320

Uluru iko kando. Ukifika Erldunda unakata kushoto kilomita 245 hadi Yulara, kijiji cha wageni karibu na jiwe, kisha unarudi zile zile. Wengi huja wakidhani jiwe hilo liko nyuma ya Alice Springs. Toka Alice hadi huko ni kilomita 450.

Jumla, pamoja na Uluru, ni kama 3,500. Gari linalokula lita 9 kwa kilomita 100 litataka lita 315. Kisha angalia kipande cha Glendambo hadi Coober Pedy: karibu sawa na Mombasa hadi Mtito Andei, ila hakuna Mariakani, hakuna Voi, hakuna pampu, wala muuza maembe. Ukitoka Glendambo na robo tangi kwa sababu bei ilikuchukiza, umejitafutia. Kanuni yangu ni kujaza kila tangi likifika nusu, bei iwe yoyote. Upepo wa mbele na kiyoyozi hula mafuta kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na kituo kimoja kikikosa umeme au mafuta, nusu tangi ndiyo inayokufikisha kinachofuata.

Katikati ya nchi utakuta pampu za petroli inayoitwa Opal. Ni petroli ya kawaida ya gari dogo, iliyopunguzwa vile viambata vinavyolevya, ili kukomesha uvutaji wa petroli miongoni mwa vijana. Jaza bila wasiwasi.

4. Maji, chakula, fedha

Maji: lita 10 kwa kila siku unayoweza kukwama, na weka hesabu ya siku mbili. Hayo ni ya akiba, hayaguswi. Ya kunywa njiani yawe mbali. Tumia madumu mawili au matatu badala ya moja kubwa, maana likitoboka moja hujapoteza yote.

Vituo vya njiani vina pampu, mgahawa, baa, vyumba na uwanja wa mahema, vyote chini ya paa moja, na mara nyingi familia moja ndiyo inayoendesha. Chakula chake ni pai za nyama, chipsi, baga na mayai. Anayekula halali anunue nyama Adelaide, aigandishe na kuiweka kwenye sanduku la barafu. Baada ya Port Augusta asitegemee kuipata mpaka mji mkubwa. Mchele, maharage ya kopo, tende, ndizi za siku mbili za kwanza na jiko dogo la gesi vitakuokolea pesa nyingi. Matunda yana sheria zake: majimbo huzuia kuvusha baadhi ya matunda kwa kuogopa nzi waharibifu, na South Australia ni kali hasa kwa anayeingia. Yamalize kabla ya kuvuka mpaka.

Kadi hupokelewa karibu kila mahali. Weka noti chache hata hivyo, kwani mtandao ukikatika kadi ni plastiki tu.

5. Mtu anayejua ulipo

Anayesafiri na mwenzake akivunjika mguu, mwenzake atatafuta msaada. Wewe huna huyo, kwa hiyo mtengeneze. Chagua mtu mmoja anayeaminika, aliyeko Australia kama inawezekana. Katika miji kama Adelaide, Perth na Brisbane kuna Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania. Hukosi ndugu wa kumwomba. Mpe karatasi yenye namba ya gari, rangi yake, majina ya vituo vya kulala na tarehe. Mkubaliane saa ya ujumbe kila jioni, na mkubaliane pia: asipousikia hadi saa fulani ya asubuhi, anapiga polisi. Bila hiyo sehemu ya pili, yule mtu atakaa na wasiwasi wake mpaka keshokutwa akiona haya kusumbua watu.

Kama mtu wako yuko nyumbani, kumbuka Northern Territory, eneo la kaskazini lenye Alice Springs na Darwin, iko saa sita na nusu mbele ya Nairobi na Dar es Salaam. Ujumbe wako wa saa moja usiku utamfika saa sita na nusu mchana.

Kwa simu, laini ya Telstra ndiyo yenye mtandao mpana zaidi huko bara, na hata hiyo hupotea kwa saa nzima kati ya mji na mji. Namba ya dharura ni 000. Simu itatumia mtandao wowote ulio karibu, hata usio wako, lakini pasipo na mnara wowote namba hiyo haina kazi. Hapo ndipo kinapohitajika kifaa kidogo cha kutoa ishara ya dharura kupitia setilaiti. Huhitaji kulipia kila mwezi. Unakisajili bure kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini, na ukikibonyeza ishara hufika kituo chao cha uokoaji kule Canberra. Ni cha hatari ya maisha tu, pancha haihusiki. Kama kuna kitu kimoja ambacho nisingekubali msafiri wa peke yake akibanie pesa, ni hicho.

Redio ndogo ya mkononi ya UHF nayo ina faida. Madereva wa malori huzungumza kwenye chaneli ya 40, na wao ndio wanaojua ng'ombe wako wapi barabarani leo.

Kila asubuhi angalia hali ya barabara kwenye kurasa za serikali za jimbo. Northern Territory wanayo iitwayo Road Report. Barabara ikitangazwa imefungwa, imefungwa. Faini zipo, na zinatozwa.

6. Kuendesha

Hesabu ya pili ni ya jua. Julai, Alice Springs jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Kangaruu, emu (ndege wakubwa mfano wa mbuni) na ng'ombe wasio na uzio huingia barabarani alfajiri na magharibi. Toka saa mbili, uwe umeegesha saa kumi na nusu. Toa mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili na mlo wa mchana, unabaki na kilomita 500, 600 ukijitahidi. Mipango ya kilomita 900 kwa siku waachie wenye dereva wa pili.

Mnyama akiruka mbele yako, kanyaga breki na ushikilie usukani moja kwa moja. Usikwepe kwa ghafla. Gari lililo kwenye kasi ya 110 likikatwa kona juu ya kokoto za pembeni hupinduka, na waliopinduka hivyo ni wengi. Mzoga barabarani upunguzie mwendo mapema pia: tai wakubwa huwa juu yake, wazito, na hupaa polepole wakielekea upande usioutarajia.

South Australia mwisho wa kasi ni 110. Ndani ya Northern Territory sehemu za barabara hii huruhusu 130. Ruhusa si amri, na kwenye 130 mafuta huisha upesi na breki huhitaji nafasi zaidi. Pombe kwenye damu mwisho ni asilimia 0.05, na polisi hupima hata pale unapoamini hakuna binadamu.

Malori wanayoyaita treni za barabarani hufika urefu wa mita 53.5, trela tatu au zaidi nyuma ya kichwa kimoja. Usianze kulipita mpaka uone mbele kweupe kama kilomita moja na nusu, kisha upite bila kusitasita. Likija mbele yako, shika usukani kwa mikono miwili, upepo wake unasukuma. Likiwa nyuma yako, usifunge breki ghafla. Halina uwezo wa kusimama kama wewe. Na dereva unayepishana naye akiinua kidole kimoja juu ya usukani, hiyo ni salamu. Ijibu.

Usingizi ndio mgumu kuliko vyote. Barabara imenyooka, rangi ni moja, hakuna wa kukuambia "we, macho!" Pakua kabla ya safari nyimbo, mawaidha, hadithi, chochote kinachokufanya ujibishane nacho. Kahawa huahirisha tu. Ukijikuta hukumbuki kilomita kumi zilizopita, ingia sehemu ya mapumziko inayofuata, funga milango, ulale dakika ishirini. Madirisha yawe na upenyo.

7. Miji ya kulala

*Port Augusta* ni ya manunuzi ya mwisho ya bei nafuu. Kuanzia Pimba hadi mbali kaskazini barabara hukatiza eneo la majaribio ya kijeshi la Woomera; usichepuke.

*Coober Pedy* ipe usiku mbili. Opali iligunduliwa hapa 1915, na wakazi wengi huishi ndani ya mapango waliyochimba kilimani, ambamo joto hukaa kwenye nyuzi 23 hadi 25 nje kukiwa 45 au 5. Kuna kanisa la Kiorthodoksi la Waserbia chini ya ardhi na uwanja wa gofu usio na jani hata moja. Lipia chumba cha chini ya ardhi. Giza na ukimya wake hukupa usingizi wa kweli, na usingizi ndio mafuta yako mengine. Nje ya mji usitembee kinyumenyume kupiga picha, kwa maana mashimo ya wachimbaji ni maelfu na hayana uzio.

*Yulara* ni ghali na haina mbadala, kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Uluru hairuhusiwi kulala. Weka nafasi miezi kabla, hata ya hema. Jiwe lina kimo cha mita 348 na kulizunguka kwa miguu ni kama kilomita 10. Anza jua likichomoza. Kulipanda kumepigwa marufuku tangu 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili baada ya ardhi hiyo kurudishwa kwa Waanangu, wenyeji wake wa asili. Penye kibao cha kukataza picha, simu irudi mfukoni.

*Alice Springs*, au Mparntwe kwa Waarrernte wenye ardhi hiyo, ndiyo hospitali kubwa, gereji na maduka makubwa yako kati ya Port Augusta na Katherine. Badilisha oili hapa kama muda wake umefika. Gari liegeshe mahali penye geti, usiache begi likionekana kitini.

*Tennant Creek* ni ya kulala na kuondoka, lakini kabla hujaifika, kilomita 100 hivi kusini yake, yako majiwe ya duara ya Karlu Karlu, na hayo simama. *Mataranka* ina chemchemi ya maji ya uvuguvugu ambayo mgongo wako utaishukuru. *Katherine* inakupa korongo la Nitmiluk, ardhi ya Wajawoyn.

Katika miji hii midogo utaulizwa unatoka wapi kabla hujaagiza chai. Mara nyingi ni udadisi wa mahali ambapo sura hazibadiliki. Jibu, uliza nawe habari za barabara. Mhudumu wa pampu anajua mambo ambayo programu ya ramani haijui. Ardhi kubwa kandokando ya njia ni ya wenyeji wa asili, na kuingia kwenye makazi yao kunahitaji kibali kutoka baraza lao la ardhi. Barabara kuu yenyewe haihitaji. Sehemu nyingi za ardhi hiyo haziruhusu pombe hata ikiwa kwenye chupa iliyofungwa ndani ya buti. Usimpige mtu picha bila kumwomba.

8. Gari likikwama

Baki na gari. Waliokufa katika nchi hii kwa kiu, wengi waliliacha gari wakaenda kutafuta msaada kwa miguu. Ndege huliona gari. Mtu mmoja chini ya kichaka haonekani. Fungua boneti iwe ishara, kaa kwenye kivuli cha gari upande wa nje kwa sababu ndani ni tanuri, kunywa unapoona kiu, usijishughulishe mchana. Kwenye Stuart Highway gari jingine litapita baada ya muda usio mrefu, na madereva wa huku husimama.

Nyoka akikuuma: usioshe jeraha, usikate. Funga bendeji pana ya kukaza kiungo chote, kaa bila kutikisika, piga 000 au bonyeza kifaa chako. Atakayekujia huenda ni ndege ya Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanzishwa na mchungaji John Flynn mwaka 1928.

Aliyesoma mpaka hapa akaona moyo unakataa, kuna treni ya The Ghan kutoka Adelaide hadi Darwin, iliyoitwa kwa heshima ya wachunga ngamia kutoka pande za Afghanistan na jirani zake walioletwa karne ya 19. Ngamia wao waliachwa, wakazaana, na wajukuu wao ni sababu nyingine ya kutoendesha usiku.

9. Darwin

Kabla ya kuoga, mtumie yule mtu wako ujumbe kwamba safari imekwisha, ili asubuhi asipige polisi bure. Rudisha gari limeoshwa. Vumbi jekundu kwenye viti hutozwa.

Halafu bahari. Mtoto wa pwani akiona maji ya bluu baada ya kilomita 3,000 za vumbi atataka kuvua viatu. Asiingie. Fukwe za Darwin zina mamba wa maji ya chumvi, na kuanzia Oktoba hadi Mei yavuyavu wenye sumu ya kuua. Nenda Darwin Waterfront, ambako kuna bwawa la bahari lililozungushiwa wavu na waokoaji wa zamu, ujitupe humo.